Insitola yako inajuaje programu iko tayari?

Habari za mchana wote, asanteni kwa kuja na hili jua la Kisumu. Leo niko na swali moja tu, skripti yako ya kuinstoli inajuaje kama programu iko tayari kwa mashine ama haiko?

Wengi wetu tunaangalia folda. Iko ndani ya Program Files? Basi ruka, endelea. Mimi pia niliandika hivyo, nikaenda kuweka mfumo wa stoo kwa agrovet moja pale Kondele, insitola ikasema databesi iko, ikamaliza vizuri kabisa, kufungua programu ikakataa. Kumbe kuna mtu aliitoa hiyo databesi kitambo na folda ikabaki, ndani mna faili moja tu ya logi. Mwenye duka amesimama kando yangu, wateja wa mbegu wamepanga laini, na mimi natafuta kosa mahali haliko.

Kwa hivyo uliza Windows yenyewe. Iko na daftari lake, rejistri, na chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall (HKLM ni sehemu ya mashine nzima) programu zilizowekwa kwa njia ya kawaida huacha jina na vasheni, yaani DisplayName na DisplayVersion. Hapa ndipo watu hupotea sana: programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 kwa kawaida inaandikwa chini ya WOW6432Node, tawi lingine ndani ya HKLM\SOFTWARE, na ile mtu amejiwekea yeye peke yake inaenda HKCU, sehemu ya mtumiaji huyo, sasa ukichungulia mahali pamoja tu utaambiwa haiko na iko. Angalieni zote tatu.

Na tafadhali msitumie Win32_Product, ile njia nyingine ya kuuliza Windows orodha ya programu kwa skripti. Ni mstari mmoja, inavutia, lakini ukiiuliza inaanza kukagua kila programu iliyowekwa kwa MSI, aina ya faili za kuinstoli za Windows, na inaweza hata kuanza kuzirekebisha, mashine ya mteja inakuwa nzito na hajui kwa nini.

Vasheni nazo mlinganishe kama namba, kipande kwa kipande. Kama maandishi, 10.0 inaonekana ndogo kuliko 9.5 kwa sababu 1 inatangulia 9, basi insitola inachukua 9.5 ya zamani na kuiweka juu ya 10.0.

Wa Ubuntu, nyinyi mna dpkg -l, amri ya kuorodhesha programu, lakini msome zile herufi mbili za mwanzo. ii ndiyo iko. Ukiona rc, programu ilishatolewa, yamebaki mafaili ya seting tu, ni ile folda ya Kondele tena.