Siku Moja Inatosha: Mhadhara kwa Wanaoandika Visa vya Maisha Yao

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za asubuhi, na asanteni kwa kuja na madaftari kama mlivyoombwa. Leo tunazungumza na watu wasioishi kwa kalamu: mwalimu, muuguzi, mama muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mzee aliyestaafu kazi ya meli. Mna mambo ya kusimulia, na yanastahili kusomwa. Tuingie kazini, maana miswada ya visa vya maisha huharibika sehemu zilezile kila mara, na nyingi zinarekebishika.

Kubwa kuliko zote ni ukubwa wenyewe. Anayeanza huandika "Nilizaliwa mwaka fulani", halafu shule ya msingi, sekondari, kazi, ndoa, na akifika ukurasa wa kumi anachoka kabla ya msomaji. Maisha mazima hayaenei katika maneno 1,000. Siku moja inaenea, na mara nyingi saa tatu tu za siku hiyo. Maneno 1,000 ya Kiswahili yakisomwa kwa sauti bila haraka huchukua kama dakika nane hadi kumi, na msikilizaji atakupa muda huo kwa moyo mweupe. Kujua umefikisha maneno mangapi kwenye daftari, hesabu maneno ya mistari kumi, gawanya kwa kumi, kisha zidisha kwa idadi ya mistari yote uliyoandika.

Siku hiyo unaipataje? Andika orodha ya siku ishirini unazozikumbuka, kila moja mstari mmoja, na kila mstari uwe na tukio ndani yake. "Utoto wangu Igogo" si siku. "Mvua ilipowanyeshea dagaa wa mama" ni siku. Ukimaliza, tafuta siku ambayo mtu aliamua jambo, alikataa, aliondoka, au jioni alijua kitu ambacho asubuhi hakukijua. Siku ya namna hiyo ina mwendo wake, haihitaji kusukumwa. Usishangae kwamba saba au nane za kwanza ni misiba na sherehe. Hizo hukumbukwa haraka kwa sababu zimesimuliwa mara nyingi, na kwa sababu hiyohiyo zimeshachakaa mdomoni. Visa vizuri zaidi huanza kujitokeza chini ya orodha.

Sasa nyakati za vitenzi, na hapa naomba subira yenu kwa sababu ndipo visa vingi vinapofia. Sikilizeni mwanzo huu: "Tulikuwa tukianika dagaa mchangani. Mama alikuwa akituamsha alfajiri. Tulikuwa tukicheza mawe hadi jua lipande." Kurasa mbili zinaweza kwenda hivyo na hakuna kilichotokea, kwa sababu haya ni mazoea. Mazoea yana kazi yake, yanamweka msomaji mahali, lakini mistari mitano au sita inatosha. Baada ya hapo lazima uje mstari wa kuvunja mazoea: "Jumanne ile mama hakutuamsha." Hapo kisa kimeanza. Wengi wenu mkirudi kwenye miswada yenu mtaukuta mstari huo ukurasa wa tatu. Upandisheni juu.

Kisa kikishaanza, -li- hufungua mlango na -ka- hubeba safari: "Niliamka, nikatoka nje, nikamkuta mama amekaa juu ya jiwe." Mtu akiandika "niliamka, nilitoka, nilimkuta", kila tendo linasimama peke yake na masimulizi yanakuwa maelezo ya kituo cha polisi. Kosa la upande wa pili ni kutia -ka- hata kwa mambo yaliyotokea pamoja. "Mvua ikanyesha, mama akazoa dagaa" humwambia msomaji kwamba kwanza ilinyesha, ndipo akazoa. Kama alikuwa anazoa chini ya mvua, sema hivyo: "Mama alizoa dagaa huku mvua ikimpiga mgongoni." Na ukihitaji kurudi nyuma kueleza kwamba mtaji wa dagaa wale ulikuwa wa mkopo, tumia "alikuwa amekopa", sentensi mbili, kisha urudi mvuani. Ukikaa huko nyuma aya nzima, msomaji atamsahau mama amelowa.

Tukiwa bado na mama huyo: "Mama alihuzunika sana" ni sentensi inayomfungia msomaji mlango. Imeshaamua kwa niaba yake. Mwandishi anayejua kazi ya dagaa ana kitu bora zaidi mkononi. Anajua kwamba jua zuri la kutwa moja hukausha dagaa, na kwamba wakinyeshewa kabla ya kukauka huanza kuoza na kukatika vichwa. Wa kwenye chanja hununuliwa kwa bei nzuri kuliko wa mchangani. Walioharibika huishia kuwa chakula cha kuku. Basi mwonyeshe mama akitenga mafungu mawili, fungu la kuku likizidi kukua, naye akiendelea kutenga bila kusema neno. Hesabu ya hasara msomaji ataifanya mwenyewe, na itamuuma zaidi.

Kanda hii ya Ziwa Victoria ina mfano mkubwa wa uandishi wa aina hiyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Ni riwaya, si kisa cha maisha yake, lakini humo utengenezaji wa pombe ya ndizi umeelezwa hatua kwa hatua, na mtu wa leo anayesoma anaona mikono ikifanya kazi. Heshima hiyo ya kueleza kazi ya watu kwa ukamilifu ndiyo napenda tuirithi.

Kumbukumbu nayo hudanganya, hata ya mtu mkweli. Ipime kwa vitu vilivyo nje yako. Ukiandika kwamba usiku ule mwezi ulikuwa mpevu na taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani, msomaji wa Kayenze, kijiji cha wavuvi, ataweka karatasi chini. Dagaa huvuliwa kwa mwanga wa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Ukiandika kwamba babu yako alipokuwa mtoto miaka ya 1930 alikula sangara, umekosea tena, kwa sababu sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950. Mpe babu ngege, furu au kamongo. Ukisafiri kwa basi kutoka Mwanza kwenda Geita kupitia Kigongo mwaka 2010, lazima uvuke kwa kivuko, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limeanza kutumika mwaka 2025.

Kwa mtu asiyekumbuka mwaka, muulize kwa matukio. Ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Magugu maji yalikuwa yamefunika mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga? Hayo ni mambo ya miaka ya 1990. Ilikuwa kabla ya meli ya MV Bukoba kuzama, tarehe 21 Mei 1996? Kabla ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Maji yalikuwa yamepanda hadi kuingia nyumba za kando ya ziwa, kama mwaka 2020? Maswali matatu au manne ya namna hii humfikisha bibi kwenye mwaka wake bila kumchosha.

Tafakari ije baada ya tukio, na iwe fupi. Katika kisa cha maneno 1,000, maneno 100 ya tafakari ni mengi. Jaribu hili: funika aya ya mwisho kwa mkono, usome kisa bila hiyo. Kama hakikupungua, ifute. Aya hizo huwa na "nilijifunza kwamba", na ninawasihi mziogope.

Kuhusu watu wengine, kubadili jina pekee hakumfichi mtu mtaani kwake. Kazi, kilema, idadi ya watoto na jina la kanisa vitamtaja. Badilisha viwili kati ya hivyo, visivyobeba kisa. Mtu aliye hai apelekewe sehemu inayomhusu asomewe kabla haijatoka. Hali ya mtu ya virusi vya UKIMWI usiiandike bila ridhaa yake, hata kama ni ndugu yako wa damu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu hayo, na hata isingekuwepo sheria, jambo hilo si lako.

Mwisho, kikao cha kusomeana. Watu sita hadi wanane, muda wa saa mbili, miswada isiyozidi mitatu. Mwandishi asisome chake. Asome mwingine kwa sauti, na mwandishi aweke alama kila msomaji anapojikwaa au anaporudia mstari, kwa kuwa hapo ndipo sentensi imeharibika. Akisoma mwenyewe atayaziba mashimo kwa sauti yake na hatayaona. Wakati wa maoni mwandishi anyamaze dakika kumi zote. Akianza kujieleza, kikao kinageuka kesi.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni orodha ya siku ishirini, dakika kumi na tano, bila kufuta. Kisha kila mmoja abadilishane na jirani yake, na jirani azungushie siku moja anayotaka kuisikia.