Rekodi ipi?

Ndugu zangu, nimelisema hili Temeke, nimelisema Kinondoni, na leo nalirudia. Kila uchaguzi ukikaribia nasikia: "Mwenye rekodi ya jinai asiguse fomu." Rekodi ipi?

Mwaka 1958, hapa hapa Dar es Salaam, Julius Nyerere alipandishwa kizimbani. Kosa lake? Makala katika Sauti ya TANU, iliyowashutumu ma-DC wawili wa kikoloni. Serikali ikasema ni kashfa, tena ya jinai. Akatiwa hatiani: faini pauni 150, yaani shilingi 3,000, au jela miezi sita. Faini ikalipwa. Mwaka huohuo akagombea Baraza la Kutunga Sheria, akashinda. Mwaka 1961 akawa Waziri Mkuu wa nchi huru. Sasa wewe unayetaka kila aliyetiwa hatiani afungiwe mlango, Mwalimu utamweka wapi? Na usiniambie ile ilikuwa sheria ya mkoloni. Mahakama ilikuwa mahakama, hukumu ilikuwa hukumu, na rekodi ndiyo hiyo.

Mtaniuliza: basi wezi wajazane bungeni? Hapana! Aliyekula fedha za umma hata mimi simtaki. Katiba yetu, Ibara ya 67, inataja kosa la utovu wa uaminifu, na hapo naiunga mkono. Kinachoniuma ni muda. Tajiri aliyekwepa kodi ya Serikali, akatiwa hatiani na kutozwa faini, anazuiwa miaka mitano, basi. Kijana aliyeiba simu Kariakoo akiwa na miaka 19, akafungwa miezi saba, hakuwekewa kikomo. Atafikisha miaka 60, ana wajukuu, mtaa mzima unamwachia sanduku la kikoba, lakini ubunge hapana. Wa kodi alisharudi zamani, anagawa kanga kwenye kampeni. Someni wenyewe ibara ndogo ya pili ya hiyo Ibara ya 67, aya ya (c), ndiyo inayomfungia kijana huyu. Tafuteni humo neno "miaka mitano". Halimo. Liko aya ya (d), na halimsaidii kijana wetu.

Nilitaka kumgusia Zuma na kifungo chake cha miezi 15, na Trump aliyechaguliwa mwaka 2024 akiwa ameshatiwa hatiani New York. Mwenyekiti ananionyesha saa, naviacha. Lakini wagombea watakuja kwenu kuomba kura. Muulizeni kila mmoja: aya ya (c) utaiwekea kikomo cha miaka mingapi? Asipojibu, mrudieni kwa swali hilohilo.