Tukio ni Kitenzi: Kufuatilia Matukio ya Wateja na Kuwatumia Ujumbe kwa Python

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja.

Kabla sijagusa kompyuta, naomba tulitazame neno nililoliandika hapa ubaoni: alilipa. Shuleni tulifundishwa kulikata. A- ni nafsi, inatuambia nani. -li- ni njeo, inatuambia lini. -lip- ni mzizi, unatuambia tendo lenyewe. Kisha kiishio. Neno moja tu, na ndani yake mna habari kamili.

Mmekuja kusikia kuhusu maktaba ya Python ya kurekodi matukio ya wateja na kuwatumia ujumbe, na huenda mnashangaa kwa nini naanza na sarufi. Ni kwa sababu katika kazi hii makosa mengi niliyokutana nayo, yakiwemo yangu mwenyewe, hayakuwa makosa ya Python. Yalikuwa ya sarufi: tukio lisilo na nafsi, tukio lenye njeo isiyo yake. Programu inakimbia bila hitilafu yoyote, lakini mteja anapokea ujumbe wa uongo.

Nitatumia mfano wa maktaba iitwayo customerio, ya Customer.io, huduma inayotunza taarifa za wateja na kuwatumia ujumbe. Zipo nyingine nyingi, na umbo lao linafanana, kwa hiyo nitakayosema yatawafaa hata mkitumia nyingine. Ukishaiweka kwa pip, kisakinishi cha maktaba za Python, msimbo wa kuanzia ni huu:

from customerio import CustomerIO, Regions
cio = CustomerIO(site_id, api_key, region=Regions.EU)
cio.identify(id="7315", email=anwani, mpango="mwezi", created_at=1735689600)
cio.track(customer_id="7315", name="alilipa", oda="A-204")

Basi, ni hayo tu. Mstari wa pili unabeba funguo mbili, na funguo hizo zikae kwenye vigeu vya mazingira ya seva, yaani thamani zinazowekwa nje ya programu, zisiandikwe kamwe ndani ya msimbo. Eneo nalo lisemwe wazi, la Marekani au la Ulaya. Usiposema, maktaba inachukua Marekani, hata kama akaunti yako ni ya Ulaya.

Amri mbili za mwisho ndizo nataka tukae nazo. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana lugha yake imekwisha kuzitofautisha. Tunaposema "amejiunga", -me- inaeleza hali: tendo lilifanyika na matokeo yake bado yapo. Tunaposema "alilipa", -li- inaeleza tendo lililotokea, likaisha. identify ni ya -me-. Inaandika hali ya mteja ilivyo sasa: jina, anwani, mpango alio nao. Ukituma thamani mpya, ya zamani inafutika, na ndivyo inavyotakiwa iwe. track ni ya -li-. Haifuti kitu, inaongeza tu tukio jingine juu ya yaliyotangulia.

Nimewaona watu wazoefu wakiandika siku ya ununuzi wa mwisho kwa identify, na baada ya miezi wakaulizwa mteja huyu amenunua mara ngapi. Hakuna jibu. Kila ununuzi ulifuta ule uliotangulia.

Tofauti hii imefika hadi kwenye mtandao wenyewe. identify inatumwa kwa PUT, aina ya ombi la mtandao la kuweka kitu kilivyo, na track kwa POST, ombi la kuongeza kipya. Ukitaja jina lako mara mbili, jina ni lile lile. Ukisema "nimelipa" mara mbili, msikilizaji ana haki ya kuhesabu malipo mawili. Naomba mlishike hilo, tutalirudia tukifika kwenye foleni.

Tuanze na nafsi. Mteja anatambuliwa kwa id, na kishawishi cha kila mtu ni kutumia anwani ya barua pepe kama id, kwa kuwa ipo tayari na inasomeka. Msifanye hivyo. Anwani ni -me-, ni hali, na hali hubadilika. Mtu akibadilisha anwani anazaliwa upya kwenye mfumo wako kama mteja mgeni, na historia yake inabaki kwa yule wa zamani. Tumieni namba ya safu yake kwenye hifadhidata, au UUID, namba ndefu ya pekee inayozalishwa na kompyuta, kitu ambacho hakina maana yoyote na kwa hiyo hakina sababu ya kubadilika.

Na yule ambaye bado hajajisajili? Kuna track_anonymous, ambapo unampa kitambulisho cha muda, na siku akijitambulisha matukio yake ya awali yanaweza kuunganishwa naye.

Sasa njeo. Hapa nitakaa kwa muda, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa kwenye timu iliyoandika mfumo wa kupokea oda. Mteja akibonyeza kitufe, msimbo wetu ulifungua muamala kwenye hifadhidata, yaani kundi la hatua zinazokubaliwa zote au kufutwa zote, ukaandika oda, ukaita track kutangaza kwamba oda imepokelewa, kisha ukapunguza hesabu ya bidhaa, kisha ukafunga muamala. Ukisoma mstari kwa mstari, kila kitu kipo mahali pake. Usiku mmoja hatua ya kupunguza hesabu ikaanza kushindwa. Hifadhidata ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikarudisha kila kitu nyuma, kana kwamba oda haikuwahi kuandikwa. Lakini track ilikwisha kuondoka. Mtandao haurudishwi nyuma. Watu wakapokea barua pepe za kuwashukuru kwa oda ambazo hazikuwepo popote, wakazisubiri. Asubuhi tuliwaandikia mmoja mmoja kuwaomba radhi, na sijasahau jinsi majibu ya baadhi yao yalivyokuwa ya upole kuliko tulivyostahili.

Kosa letu lilikuwa la njeo. Tulisema -li- wakati jambo lilikuwa bado -na-. Muamala ulikuwa unaendelea. Hakuna "ilipokelewa" mpaka muamala ufungwe. Kwenye Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, dawa ipo tayari: transaction.on_commit, unampa kazi ya kufanya, naye anaifanya muamala ukishafungwa salama, na ukishindwa haifanywi kabisa.

Hata hivyo on_commit inaacha mwanya mdogo. Muamala umefungwa, seva ikazimika kabla track haijaitwa. Sasa oda ipo na tukio halipo. Kwa matukio ya kawaida mimi naukubali mwanya huo. Kwa malipo siukubali. Huko naandika tukio kama safu ya jedwali la kutoka, ndani ya muamala ule ule wa oda, ili viandikwe vyote au visiandikwe vyote. Kisha kazi ya pembeni inasoma jedwali hilo na kutuma.

Kazi hiyo ya pembeni ina faida nyingine. track inapita mtandaoni, na mtandao unaweza kukwama. Maktaba hujaribu tena yenyewe pale ombi linaposhindwa, lakini muda wote huo mteja wako anatazama ukurasa usiofunguka kwa sababu ya ujumbe ambao hata hajauomba. Kwa hiyo tukio liingie kwenye foleni, kwa zana kama Celery au RQ, au kwa jedwali nililolitaja, na ukurasa ufunguke.

Lakini foleni nayo hurudia. Ombi limefika, jibu likapotea njiani, mfanyakazi wa foleni akadhani limeshindwa, akatuma tena. Kwa identify hakuna madhara. Kwa track sasa una "alilipa" mbili. Kila tukio basi lipewe namba yake ya pekee tangu linapozaliwa, wala si linapotumwa, ili marudio yatambulike kuwa ni marudio. Na ujumbe wowote mzito, kama risiti, uangalie namba hiyo kabla haujaondoka.

Bado tuko kwenye njeo. Huduma inapokea muda kama sekunde za Unix, yaani tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC. Python inaweza kukupa datetime isiyo na ukanda wa saa, na ukiiitia timestamp() itadhani ni saa ya mashine inapokimbilia. Amri ya utcnow ndiyo mtego mbaya zaidi: inakupa saa ya UTC lakini haijitambulishi kuwa ni UTC, kwa hiyo kwenye mashine yenye saa tofauti jibu linakosewa kimyakimya. Tangu Python 3.12 imetangazwa kuwa haifai tena kutumika. Andikeni datetime.now(timezone.utc), muigeuze kuwa sekunde wenyewe, mtume namba kamili. Na kama mnaingiza matukio ya miaka iliyopita, kuna amri ya backfill inayodai muda wa tukio. Msitumie track tupu, msije mkawakaribisha leo watu waliojiunga zamani.

Kuna viambishi viwili vingine ambavyo watu hutaka kuvituma na havipaswi kutumwa kabisa. Cha kwanza ni hu-. "Hununua kila wiki." Hilo si tukio, wala mtu hakulitenda. Ni hitimisho lako baada ya kuhesabu -li- nyingi. Tuma ununuzi mmoja mmoja, hesabu ifanyike kule kwenye vikundi vya wateja, na siku ukibadilisha maana ya "mteja wa mara kwa mara" hutahitaji kugusa msimbo. Cha pili ni haku-. "Hakurudi." Msanidi mmoja aliwahi kunionyesha kazi ya usiku iliyokuwa inapita wateja wote na kutuma tukio la "hakuingia leo" kwa kila asiyeonekana. Hebu fikirini wingi wa matukio hayo! Kukosekana kwa tukio ndiyo habari yenyewe. Mfumo wa ujumbe unajua kungoja: mtu alianza kujaza fomu, zikapita siku mbili bila "alimaliza", basi mkumbushe.

Sasa ujumbe wenyewe. Maktaba inatenganisha njia mbili, nami nafurahi kwamba imefanya hivyo. Ujumbe ambao mteja ameusababisha na anausubiri, kama risiti au kiungo cha kubadilisha nywila, unatumwa moja kwa moja kwa APIClient na SendEmailRequest, kwa ufunguo wake tofauti. Ujumbe ambao wewe ndiye unayetaka ausome unapita kwenye kampeni, yaani mpango wa ujumbe unaochochewa na matukio. Msichanganye. Ukipachika tangazo ndani ya risiti, umetumia mlango aliokufungulia kwa shida yake kuingiza shida yako. Naliona jambo hili kuwa la adabu kabla halijawa la sheria.

Na la sheria limekuja pia. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi wathibitishe vikoa vyao, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki asilimia 0.3. Kwa Gmail, mtumaji wa namna hiyo ni anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenye akaunti zake. Malalamiko matatu kwa kila barua elfu moja ni machache mno, na anayetuma kwa matukio ya uongo atayafikia upesi.

Naona dada hapo nyuma ameinua mkono muda mrefu. Karibu.

Anauliza: mteja akiomba afutwe kabisa, inatosha kuita delete?

Swali zuri sana, na haki hiyo ipo kwenye kifungu cha 17 cha GDPR, sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018. Jibu ni kwamba delete peke yake haitoshi. delete inamwondoa mtu, lakini haikumbuki kwamba aliomba kuondolewa. Ikibaki identify moja kwenye foleni yako, au kazi ya usiku inayolinganisha wateja wote, kesho yake atarudi kwa id ile ile na kampeni ya kuwakaribisha wageni itamwandikia. Kuna amri nyingine, suppress, ambayo inamfuta na kuizuia id hiyo isiingie tena. Hiyo ndiyo ya kuita. Na kabla hujaiita, mfute kwenye hifadhidata yako na usafishe jedwali la kutoka, maana huko ndiko anakoweza kufufukia. Kuna na unsuppress, kwa yule atakayeamua mwenyewe kurudi.

Mwingine?