Lions wanahitaji nini? Mhadhara juu ya drafti, mapengo na haki ya shabiki kuuliza

Wazee wangu, akina mama, na nyie vijana mliokaa nyuma na jezi za buluu: habari za jioni. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja, kwa hiyo nitaingia kwenye mada bila kuzunguka.

Hapa Grand Rapids, tangu drafti ya Aprili 2025 ubishi ni mmoja. Kwa kinyozi, kwenye maegesho baada ya ibada, kwenye sherehe za harusi: kwa nini Detroit Lions, timu yetu ya mpira wa Marekani, wamemchukua huyu, kwa nini wamemwacha yule. Wengine wetu tumekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga, wengine wa Mazembe na Vita Club, na kubishana tunajua. Lakini drafti ya NFL, ligi ya mchezo huo, ina sheria zake, na asiyezijua atapiga kelele usiku kucha asiguse penyewe.

Kwetu klabu yenye fedha inamfuata mchezaji, inamalizana na klabu yake, kesho yake anapigwa picha na jezi. Hapa kijana anayetoka chuoni hachagui timu. Timu 32 zinakaa kwenye foleni, iliyofanya vibaya kuliko zote inatangulia, bingwa anakuwa wa mwisho, na mzunguko huo unarudiwa raundi saba. Mmoja wa wamiliki wa Philadelphia Eagles, Bert Bell, ndiye aliyetoa wazo la utaratibu huu, na drafti ya kwanza ikafanyika mwaka 1936, kwa sababu timu chache zenye uwezo zilikuwa zinakomba wachezaji bora kila mwaka na wengine wanabaki kuwa wasindikizaji. Anayechaguliwa anasaini miaka minne. Mshahara wake, tangu mwaka 2011, unaendana na namba aliyochaguliwa, hakuna mvutano mkubwa. Akiwa wa raundi ya kwanza, klabu ina hiari ya kumwongezea mwaka wa tano. Na juu ya yote kuna ukomo wa mishahara: mwaka 2025 kila timu iliwekewa dola milioni 279.2 kwa kikosi kizima.

Shikeni hayo mawili, miaka minne na ukomo wa mishahara. Shabiki anaanza na swali moja: tuna pengo wapi? Ni swali la haki, lakini halijakamilika. Pengo unaloliona Aprili ni la msimu ulioisha. Kijana unayemchukua Aprili atakuwa na wewe mpaka msimu wa nne mbele, na huko mbele mapengo yatakuwa mengine kabisa. Kwa hiyo swali kamili lina sehemu tatu: ni nani bora kati ya waliobaki, mkataba wa mtu anayecheza namba yake kwetu unaisha lini, na nikimwacha leo, mtu wa namba hiyo nitampata kwa bei gani baadaye?

Historia ya timu yetu inafundisha jambo hili kwa uchungu. Kuanzia 2001 mpaka Septemba 2008 Lions waliongozwa na bosi wa ofisi, Matt Millen. Mwaka 2003, wakiwa na chaguo la 2, walimchukua mpokeaji, yaani mdaka pasi, Charles Rogers, kijana wa hapa hapa Michigan. Rogers alivunjika mtulinga katika msimu wake wa kwanza, akavunjika tena msimu wa pili, na kipaji kile hatukukiona kikikomaa. Mwaka 2004 wakamchukua mpokeaji mwingine, Roy Williams. Mwaka 2005, chaguo la 10, mpokeaji wa tatu mfululizo: Mike Williams. Dallas Cowboys walikuwa wanafuata moja kwa moja, chaguo la 11, wakamchukua DeMarcus Ware. Huyo Ware kazi yake ilikuwa kumkimbilia kotabeki, yule mtupa pasi, kutoka pembeni na kumwangusha. Alistaafu akiwa amewaangusha makotabeki mara 138 na nusu, na leo yuko kwenye Ukumbi wa Magwiji. Mike Williams alicheza Detroit misimu miwili tu.

Desemba ya mwaka huo mashabiki waliandamana Detroit kutaka Millen aondoke. Watu wanaosema shabiki hajui chochote, kazi yake ni kununua tiketi na kunyamaza, waukumbuke mwezi ule. Mashabiki walikuwa wameona kitu ambacho ofisi haikukiona: hakuna mpira utakaomfikia mpokeaji kama ukuta unaomlinda kotabeki umebomoka, na huwezi kumlaza mpinzani kama huna wa kumkimbilia kotabeki wake. Ofisi haikusikia. Mwaka 2008 Lions walicheza mechi 16 wakapoteza zote 16, timu ya kwanza kufanya hivyo tangu ligi iwe na mechi 16.

Lakini hapo katikati kuna jambo linalovuruga hesabu ya watu wengi, na nawaomba mlitazame vizuri. Mwaka 2007, baada ya wapokeaji wale watatu, Millen alikuwa na chaguo la 2. Akamchukua nani? Mpokeaji wa nne katika drafti tano! Watu walishika vichwa. Na huyo wa nne alikuwa Calvin Johnson, ambaye mwaka 2012 alikusanya yadi 1,964 za kudaka, rekodi ya ligi nzima, na mwaka 2021 akaingia kwenye Ukumbi wa Magwiji. Kwa hesabu ya pengo, Johnson hakuhitajika. Kwa hesabu ya ubora, asingeachwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kosa la Millen lilikuwa kuchukua wapokeaji, mwambie hapana. Kosa lilikuwa kuwasoma wachezaji vibaya na kuiacha timu nyingine yote iozee mikononi mwake. Johnson mwenyewe alistaafu bila kushinda hata mechi moja ya mtoano akiwa na Lions. Mtu mmoja bora, hata awe mrefu na mwepesi kama yule, hawezi kuwaziba wenzake wote.

Sasa twende 2023, maana hapo ndipo vijana wengi mliomo humu mlipoanza kuipenda timu hii.

Meneja mkuu Brad Holmes aliingia Januari 2021. Akampeleka kotabeki Matthew Stafford Los Angeles Rams, akapokea Jared Goff, chaguo la raundi ya tatu la 2021, na machaguo ya raundi ya kwanza ya 2022 na 2023. Rams wakachukua ubingwa na Stafford, kisha 2022 wakaanguka vibaya, na chaguo lao la 2023 likawa la 6. Hilo lilikuwa mali yetu. Na pengo letu lilikuwa linaonekana hata na mtoto: msimu wa 2022 ulinzi wa Lions ndio uliotoa yadi nyingi kuliko timu zote 32. Mashabiki walitaka beki wa pembeni au mtu mzito wa mstari wa mbele wa ulinzi.

Holmes akashuka. Aliwapa Arizona Cardinals chaguo la 6 na la 81, akapokea la 12, la 34 na la 168. La 12 likawa Jahmyr Gibbs, mkimbiaji. La 18 likawa Jack Campbell, mlinzi wa kati. Wachambuzi walimshambulia usiku ule ule, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mkimbiaji kwenye soko halipwi sana, kwa hiyo ukimchukua juu vile hupati nafuu kubwa ya mshahara. Nafuu ya kweli iko kwa kotabeki, kwa wanaomkimbilia kotabeki na kwa walinzi wa ukuta, ambao sokoni ni ghali mno. Tena mwezi mmoja nyuma klabu ilikuwa imemsajili mkimbiaji David Montgomery kutoka Chicago. Mnyonge wa hoja angesema basi, tumeliwa.

Siku ya pili, chaguo la 34, lile lililotoka Arizona, likawa Sam LaPorta, anayezuia na kudaka. La 45 likawa Brian Branch wa ulinzi wa nyuma. Mechi ya kwanza ya msimu, tarehe 7 Septemba, tulikwenda Kansas City kwa mabingwa. Patrick Mahomes akatupa pasi fupi, mpira ukamponyoka mpokeaji wake mikononi, ukaruka juu. Branch alikuwa pale pale. Akaudaka akiwa tayari kwenye mwendo, akakimbia yadi 50 hadi mwisho wa uwanja bila kuguswa. Tukashinda 21 kwa 20. Nani alikuwa na pengo la ulinzi wa nyuma? Sisi. Na liliguswa na kijana wa raundi ya pili, baada ya watu kuamini kwamba raundi ya kwanza imelipuuza.

Msimu ule LaPorta alidaka pasi 86, hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amefika hapo kwa namba yake katika mwaka wa kwanza. Tarehe 14 Januari 2024 tuliwafunga Rams wa Stafford 24 kwa 23, ushindi wa kwanza wa mtoano tangu Januari 1992. Na Gibbs? Tarehe 5 Januari 2025, mechi ya kuamua nani anaongoza kundi dhidi ya Minnesota, alifunga mara nne peke yake.

Kwa hiyo msihukumu chaguo moja moja. Drafti inasomwa nzima, pamoja na waliokuja kwa kubadilishana machaguo. Aliyemtukana Holmes kwa kushuka kutoka la 6 hakuwa amemhesabu LaPorta, kwa sababu LaPorta alikuwa bado hajatajwa.

Sasa ya mwaka 2025. Na hapa nasema wazi kwamba niko upande wa mashabiki waliolalamika, angalau kwa nusu. Tarehe 13 Oktoba 2024, tukiwa Dallas, Aidan Hutchinson, mkimbilia kotabeki wetu wa pembeni, alivunjika mguu. Alikuwa amecheza mechi tano tu na alikuwa ameshamwangusha kotabeki mara saba na nusu. Tangu siku hiyo tulikosa mtu wa kumtisha kotabeki kutoka pembeni. Tulimaliza na ushindi 15 na kupoteza 2, halafu Washington wakaja Ford Field tarehe 18 Januari wakatufunga 45 kwa 31. Kotabeki wao, Jayden Daniels, kijana wa mwaka wa kwanza, alipata muda wa kutosha kuchagua anayetaka.

Aprili ikafika. Chaguo la 28, Tyleik Williams wa Ohio State, mtu wa katikati ya mstari wa ulinzi. Hilo nalielewa: Alim McNeill wa namba hiyo hiyo aliumia goti Desemba, na uponaji wake ulikuwa mrefu. Raundi ya pili, Tate Ratledge wa Georgia, wa ukuta wa mbele. Hilo nalo nalipongeza, hasa baada ya Frank Ragnow, mtu wa kati wa ukuta huo, kutangaza Juni kwamba anastaafu. Ukuta ule ndio uliotufikisha hapa, na Taylor Decker wa ukuta huo alikuwa anatimiza miaka 32 Agosti 2025.

Raundi ya tatu ndiyo iliyowagawa hata ndugu wa nyumba moja. Lions walitoa machaguo mawili ya raundi ya tatu ya mwaka 2026 ili wapande hadi la 70 wamchukue Isaac TeSlaa. Mnamjua, amesoma Unity Christian hapo Hudsonville, jirani zetu kabisa. Chuoni Arkansas msimu wa 2024 alidaka pasi 28 tu. Wanaomtetea wana hoja ya miaka minne: wakati wa drafti mpokeaji Jameson Williams alikuwa na mkataba mpaka mwisho wa 2026, akitaka fedha za juu kungekuwa na shida, kwa sababu mpokeaji mwenzake Amon-Ra St. Brown tayari alikuwa na mkataba wa dola milioni 120, Penei Sewell wa ukuta milioni 112, Goff milioni 212. TeSlaa angeweza kuwa mtu wa kushika nafasi hiyo kwa mshahara mdogo. Ni hoja nzito, naiheshimu.

Lakini upande wa pili wa Hutchinson tulimrudisha Marcus Davenport kwa mkataba wa mwaka mmoja wa 2025, na msimu wa 2024 aliumia mkono Septemba, hakurudi tena msimu huo. Mtu wa namba hiyo aliyekuja kwenye drafti alikuwa Ahmed Hassanein wa Boise State, raundi ya sita, chaguo la 196. Ni kijana aliyekulia Misri, na namwombea kila la heri. Tuliwahi kumwona Mghana Ezekiel Ansah, aliyeanza mchezo huu akiwa chuoni, akichukuliwa chaguo la 5 mwaka 2013 na kuwa tishio hapa Detroit. Ila Ansah alichukuliwa juu, na Hassanein alichukuliwa chini ya foleni. Kumtegemea kijana wa raundi ya sita pale ambapo msimu wako ulivunjikia ni hatari ambayo mimi nisingeichukua. Na yale machaguo mawili ya 2026 yaliyokwenda ndiyo ambayo mwaka 2026 yangetumika kumtafuta mtu huyo.

Kwa hiyo kambi ikifunguliwa, msikodolee macho jezi namba 1 ya Jameson Williams na namba 16 ya Goff peke yao. Tazameni nani anapanga mstari kinyume na Hutchinson, anacheza mara ngapi, na anatoka uwanjani akiwa mzima. Tazameni Ratledge anasimama wapi kwenye ukuta. Halafu chukueni karatasi, andikeni kila jina na mwaka mkataba wake unapoisha. LaPorta ni wa raundi ya pili, hana mwaka wa tano. Wake unaisha baada ya msimu wa 2026. Branch vivyo hivyo. Hao wawili watalipwa na nani, na nani ataachwa ili walipwe? Hapo ndipo ubishi wa Aprili ijayo ulipo, na mnaweza kuuanza usiku huu.

Karibuni maswali. Mzee hapo mbele nimeuona mkono wako, kisha yule dada mwenye kofia.