Leseni ya droni: je, kuna mtu amekuona ukirusha?

Haya, tuanze na Marekani maana ndiko wengi mnakouliza. Kule ukitaka kurusha droni kikazi unafanya mtihani wa Part 107, yaani kanuni yao ya droni ndogo, ulianza 2016, maswali 60, ufaulu asilimia 70, na uwe umefika miaka 16. Mtihani wenyewe si mchezo, kuna ramani za anga, kuna kusoma ripoti za hali ya hewa, lazima ukae chini usome kweli. Ila sikilizeni hapa: hakuna mtu anayekuja kukuangalia ukishika rimoti. Unaweza kufaulu na droni hujawahi kuigusa!

Kanada ngazi ya kwanza unafanya onlaini, maswali 35, hata wa miaka 14 anaruhusiwa. Ngazi ya juu, ile ya kurusha karibu na watu au kwenye anga inayodhibitiwa, ni maswali 50, ufaulu asilimia 80, halafu unasimama mbele ya mkaguzi, anakuuliza eneo umelikaguaje, mawasiliano yakikatika unafanyaje, kisha unairusha yeye anatazama. Hiyo ndiyo naipenda mimi. Japan nao tangu Desemba 2022 wana leseni ya daraja la kwanza na la pili, na mtihani wa vitendo upo.

Mbona nakazania vitendo? Droni ikikupa mgongo, ukisukuma kijiti kulia inaenda kulia, sawa. Ikigeuka ikakutazama, kulia kwako ni kushoto, na hapo ndipo mtu anahangaika, anasukuma upande usio wenyewe, anasahihisha kwa kuzidisha, sekunde mbili tu iko mtini. Nimeona hilo kwa watu waliofaulu karatasi vizuri sana, na hakuna swali la kuchagua jibu litakalokufundisha vidole.

Umoja wa Ulaya wao tangu mwisho wa 2020 wana sheria moja, maswali 40 onlaini, cheti miaka 5, na kinakubalika nchi zote wanachama, hapo nawapongeza kabisa. Ila ngazi ya A2, ile ya kurusha karibu na watu, inaongeza maswali 30 na mazoezi ya vitendo unayofanya peke yako kisha unajisainia mwenyewe kwamba umeyafanya. Hapo mimi sikubali. Na ukitoka Marekani na cheti chako, Ulaya hakikusaidii, unafanya mtihani wao upya.

Kwa hiyo ukitafuta shule, kabla hujalipa waulize jambo moja: nitashika rimoti masaa mangapi, na nani atakuwa amesimama pembeni yangu?