Picha Iliyogeuzwa

Walimu wenzangu, asanteni kwa kunialika. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi, na leo nitaanzia hapo hapo, kwa sababu bado naingia madarasani naikuta picha hii ya dunia ukutani bila neno hata moja chini yake.

Itazameni. Ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17 wakielekea mwezini, kama saa 5 baada ya roketi kuruka Florida, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi. Kamera ilikuwa Hasselblad ya filamu. Jua lilikuwa mgongoni mwao, ndiyo maana duara limejaa. Na bara gani hilo? Afrika! Kuanzia Misri hadi Rasi ya Tumaini Jema, na Madagaska pembeni. Wekeni kidole kwenye pembe ya Somalia, mkishushe polepole kufuata ukingo wa bahari. Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa. Kidole kinapita kwetu.

Sasa naigeuza. Hivi! Barafu ya Ncha ya Kusini iko juu, Misri iko chini, Bahari ya Hindi yote imehamia kushoto. Hivi ndivyo ilivyopigwa. Chombo kilikuwa kimekaa hivyo, na huko juu hakuna aliyewaambia kaskazini ni wapi. Aliyeigeuza alikuwa ameketi huku duniani, akiitayarisha itolewe kwa watu.

Mtu ataniambia: mwalimu, hilo nalo ni jambo? Si kila ramani ina kaskazini juu? Ramani za nani, ndugu yangu? Al-Idrisi, mchora ramani wa Kiarabu, alipochora dunia yake kule Sisilia, mwaka 1154, kusini ndiko alikokuweka juu. Kaskazini kukaa juu ni mazoea, na kila mazoea yana aliyeyaanzisha. Nilimpa mtoto wa darasa la sita picha hii hivi nilivyoishika. Akaitazama kimya muda mrefu, akaizungusha, akairudisha, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo nani alisema Ulaya iko juu?" Mimi nataka darasa lenye swali hilo. Hatulipati kwa kubandika picha kama kalenda.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: mbona picha za mwezini hazina nyota, si za uongo hizo? Nimechoka nalo, lakini nitalijibu. Usiku wa leo msimamishe mwenzako chini ya taa ya barabarani, umpige picha kwa simu. Anga nyuma yake litatoka jeusi tupu. Nyota zipo, ila simu imejipima kwa mwanga wa uso wake. Kule mwezini walipiga picha mchana, jua linawaka juu ya udongo. Kamera hufunguka kufumba na kufumbua, na nyota haziwahi kuingia. Jaribuni kwanza, ndipo tubishane. Na yule mnayemwona amesimama mwezini Julai 1969, karibu kila mara ni Buzz Aldrin. Mwenzake, Neil Armstrong, ndiye aliyekuwa na kamera muda mwingi.

Naambiwa dakika zimebaki mbili. Luna 3, chombo cha Wasovieti kilichopiga picha upande wa nyuma wa mwezi, nakiacha, lakini Malindi siiachi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kupima eksirei zitokazo angani. Haikupiga picha kama hizi. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikihesabu miale, na katika hesabu hiyo vikapatikana vyanzo zaidi ya 300. Hiyo nayo ni picha ya anga, iliyochorwa kwa tarakimu.

Mwenyekiti, nakushukuru. Picha naiacha hapa mezani. Atakayeibandika darasani aandike chini yake tarehe, kamera, na upande uliokuwa juu.