Tembo Aliyetoka Ghalani

Hamjambo, ndugu zangu wa Kisumu. Asanteni kwa kuja, na jua lenyewe mnaliona.

Picha iliyo ukutani inaitwa Celebes, ya Max Ernst, Mjerumani aliyeichora mjini Cologne mwaka 1921, muda mfupi baada ya kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, alikotumikia kikosi cha mizinga. Leo iko Tate, jumba la sanaa la London. Dude limejaza turubai: mwili wa duara wa rangi ya chuma, miguu minene, mkonga kama mpira wa maji. Wengi huona kifaru cha vita, na sina ugomvi nao.

Lakini umbo hilo Ernst hakulitoa kiwandani. Alilitoa kwenye fotografia ya ghala la nafaka la Kiafrika, la udongo, iliyochapishwa katika jarida la anthropolojia. Ghala! Nyinyi mliokulia Nyakach na Bondo mnaijua dero, ghala letu la Kiluo. Mgeni akiingia bomani, jicho linaanza pale kabla ya nyumba. Dero kubwa, mwenye boma husalimiwa kwa adabu. Ila aliye nje haoni kilichomo: huenda ni mtama tele, huenda ni panya na fukusi. Nami dude hili naliona hivyo hivyo. Ukubwa wote ule ni ganda.

Sasa tazameni zile pembe upande wa kushoto. Zimechomoza kwa nyuma. Kama kichwa kiko huko, basi tulichodhani ni mkonga ni mkia, na muda wote tumekuwa tukiogopa makalio. Mnacheka, lakini hebu tazameni tena.

Chini mbele kuna mwanamke uchi, hana kichwa, mkono wenye glavu ameuinua. Watu humhurumia yeye kwanza. Mimi nauliza: nani anamwita nani? Mkono unasema njoo, na dude laelekea kutii. Asiye na macho ndiye anayeongoza. Simwiti mshindi, msafara wenye kiongozi asiye na kichwa unanitisha kuliko pembe zile, hasa ukikumbuka Ulaya ilikuwa imetoka wapi mwaka ule.

Samaki wa angani tuwaache, muda umekwenda. Kabla ya maswali, moja tu: picha inajulikana kwa jina la Ernst, na ghala lilifinyangwa na mikono mingine. Nguvu hiyo haimo ndani ya fremu, na ndiyo ningependa mnibane nayo. Karibuni, tuanze na dada aliye kule nyuma.